Farasi wa Katika Karatasi na Farasi wa Barabarani

Sisi tunaoishi Visiwani tunafahamu vyema kwamba hakuna tone la petroli wala la dizeli linalowaka katika magari yetu ambalo halikuvuka bahari kwanza. Limelipiwa meli, limelipiwa bandari, limelipiwa ghala, na mwishowe hulipiwa na mwananchi katika kituo cha mafuta, au na Serikali kutoka katika mfuko ule ule unaonunua dawa na madawati. Kwa hiyo tunaona ni wajibu wetu kuuliza leo swali ambalo kwa mtazamo wa haraka laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi peke yao: katika nguvu inayozalishwa na injini ya gari, ni kiasi gani hufika katika magurudumu, na ni kiasi gani hupotea njiani?

Tumesukumwa kuandika haya na mkasa wa mwananchi mmoja tuliyeushuhudia msiba wake wa mali. Huyu ni dereva na mwenye gari dogo la abiria, mtu wa makamo, mwenye watoto wanaosoma. Gari lake lilianza kuwa zito. Mlima uliokuwa ukipandwa kwa gia ya tatu ukawa wapandwa kwa ya pili, na mafuta ya siku moja yakawa hayafiki alasiri. Akaambiwa kwamba injini imechoka. Akatoa fedha alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kuezekea nyumba yake, akanunua injini nyingine iliyokwisha kutumika, ambayo muuzaji alimhakikishia kwamba ina farasi wengi zaidi kuliko ile ya kwanza. Injini ikafungwa. Gari likabaki zito vile vile.

Hatimaye mzee mmoja, fundi wa zamani, aliombwa alitazame. Hakufungua hata boneti. Alimwomba dereva aliendeshe gari katika barabara tambarare, kisha aondoe gia na kuliacha liende lenyewe. Gari likasita mapema, kama mtu aliyeshikwa nguo kwa nyuma. Walipolisimamisha, mzee akasogeza kiganja karibu na vitovu vya magurudumu, bila ya kuvigusa. Viwili vilikuwa vya moto kama chungu kilichoepuliwa jikoni. Pistoni za breki zilikuwa zimeshikwa na kutu, na breki zilikuwa haziachii. Ubovu ule haukuwa katika injini ya kwanza wala ya pili. Nguvu ilikuwa ikizalishwa, lakini ilikuwa ikiliwa kabla ya kufika barabarani.

Mtu huyu hakudanganyika kwa ujinga. Alidanganyika kwa sababu sote, wananchi na maofisa, tumezoea kulipima gari kwa tarakimu moja tu, yaani idadi ya nguvu za farasi iliyoandikwa katika karatasi. Na yule anayejua zaidi kidogo hutoa asilimia 15 na kusema kwamba hiyo ndiyo inayopotea njiani, basi. Maoni yetu ni kwamba tarakimu ile ya kwanza haielezi yote, na asilimia hii ya pili mara nyingi hupotosha.

Tuanze na farasi mwenyewe. Kipimo hiki kilienezwa na James Watt huko Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, alipokuwa akitaka kuwaeleza wenye viwanda na migodi ni farasi wangapi watakaopumzishwa na mashine zake za mvuke. Farasi wa Watt ni sawa na wati 746 hivi. Lakini magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na Wajapani huhesabu kwa farasi mwingine, yule wa vipimo vya mita, ambaye ni sawa na nguvu ya kuinua mzigo wa kilo 75 kwenda juu mita 1 katika sekunde 1, yaani wati 735 na nusu. Injini ya kilowati 100 basi huandikwa farasi 134 kwa hesabu ya Kiingereza, na farasi 136 kwa hesabu ya Kijapani. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini yatosha kutuonya kwamba hata neno farasi lahitaji kuulizwa: ni farasi wa nani?

Tofauti kubwa zaidi hutokana na mahali na namna injini ilivyopimwa. Hapana mfano ulio wazi kuliko ule wa Marekani. Kwa miaka mingi viwanda vya huko vilikuwa vikiipima injini ikiwa mezani, imevuliwa kila kitu kinachoweza kuipunguzia nguvu: bila ya bomba la moshi la gari lenyewe, bila ya kichujio cha hewa, bila ya jenereta ya kuchaji betri wala feni. Kuanzia magari ya mwaka 1972, viwanda hivyo vikaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imevishwa vifaa vyake kama inavyokuwa ndani ya gari. Injini kubwa ya lita 8.2 ya Cadillac Eldorado, iliyotangazwa kuwa na farasi 365 mwaka 1971, ikatangazwa kuwa na farasi 235 mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ya farasi wale 130 hawakufa wala hawakuibwa. Hawakuwahi kuwamo barabarani tangu mwanzo.

Na hata hizo 235 ni nguvu zilizopimwa pale injini inapotolea mzunguko wake, si pale tairi linapogusa lami. Kati ya mahali hapo pawili ipo safari, na safari hiyo ina gharama zake.

Wazee wetu walivifahamu vinu vya mafuta vilivyokuwa vikizungushwa na ngamia. Ngamia alikula malisho ya siku nzima na kuzunguka siku nzima, lakini si nguvu zake zote zilizoishia katika kukamua ufuta. Nyingine ziliishia katika mlio wa mti ukisuguana na mti, na nyingine katika joto la kinu. Gari nalo ni hivyo hivyo. Nguvu hutoka katika injini, hupita katika klachi, huingia katika giaboksi, hufuata propela hadi katika difu, hugawanywa katika ekseli mbili, hupita katika beringi za magurudumu, na ndipo hufika katika tairi. Kila kituo hutoza chake, na kinachotozwa hugeuka kuwa joto.

Viwango vya tozo hizo havilingani. Pale meno ya gia mbili nzuri zilizo sambamba yanapokutana, hupotea takriban asilimia 1 au 2 ya nguvu inayopita. Difu ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hutoza zaidi, kwa kawaida asilimia 3 hadi 6 na pengine kuzidi, kwa sababu hulazimika kuupindisha mzunguko kwa pembe mraba, na meno yake huteleza yanapokutana badala ya kubingirika tu. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ambalo injini yake imelazwa kwa upana, halina haja ya kupindisha mzunguko, na kwa hiyo huokoa sehemu ya tozo hiyo. Gari linaloendesha magurudumu yote manne lina giaboksi ya kugawia nguvu, propela ya pili na difu ya pili. Gari la gia za otomatiki hutumia nguvu kuzungusha pampu ya mafuta yake, na lile bakuli lake la mafuta linalofanya kazi ya klachi huteleza kila linapokuwa halijafungwa imara.

Tozo hizi hazijumlishwi tu, bali huzidishwa. Tuseme nguvu 100 zimetoka katika injini. Zikipita mahali pawili panapobakisha asilimia 98 kila pamoja, kisha katika beringi na viungo vinavyobakisha 99, kisha katika difu inayobakisha 95, kitakachosalia ni 90 na kitu kidogo. Hapo bado hatujalihesabu tairi lenyewe, ambalo kwa kubonyea na kurudi kila linapozunguka hula sehemu yake pia.

Huku ndiko ilikotoka ile kanuni ya gereji kwamba gari la gia za mkono hupoteza asilimia 15, na la otomatiki asilimia 20 au zaidi. Kanuni hii si uzushi. Ni makisio yaliyotokana na mazoea ya watu waliopima magari mengi yakiwa yamekanyagwa mafuta hadi mwisho. Kosa ni kuigeuza kuwa sheria na kuitumia kwa kila gari na katika kila mwendo.

Msomaji atuvumilie tueleze sababu, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mfanyabiashara anayevuka kutoka Unguja kwenda Bara hutozwa mambo mawili. Kwanza ni nauli, ambayo ni ile ile awe amebeba kapu moja au makapu kumi. Pili ni ushuru, ambao hukua kadiri mali yake inavyokua. Nguvu ya injini nayo hutozwa hivyo hivyo. Iko sehemu inayofanana na nauli: gia kuyakoroga mafuta mazito, sili kubana ekseli, breki kugusagusa diski, tairi kubonyea. Hii haitegemei injini inatoa nguvu nyingi au chache, bali hutegemea zaidi mwendo. Na iko sehemu inayofanana na ushuru: msuguano wa meno ya gia yanayosukumana, ambao huongezeka kadiri injini inavyosukuma kwa nguvu zaidi.

Sasa tuchukue gari ambalo injini yake ina kilowati 60, na kwamba likikanyagwa hadi mwisho hupoteza kilowati 9, yaani asilimia 15 kamili. Tuseme kati ya hizo 9, tano ni za nauli na nne ni za ushuru. Mwenye gari akafunga injini ya kilowati 120, na vyombo vingine vyote vikabaki vile vile na mwendo ukawa ule ule. Kanuni ya asilimia 15 ingesema kwamba sasa zitapotea kilowati 18. Lakini nauli imebaki 5, na ushuru umekuwa 8. Jumla ni 13, ambayo ni asilimia 11 tu. Kanuni imekosea kwa kilowati 5 nzima.

Na anayetaka ushahidi mwingine na alitafakari joto. Birika la umeme la kawaida hutumia kilowati 2 hivi. Kilowati 18 ni birika tisa zikichemka kwa pamoja. Kama joto hilo lote lingekuwa linamwagwa ndani ya giaboksi na difu, safari nzima, mafuta yake yangeungua upesi. Ni dhahiri basi kwamba sehemu kubwa ya upotevu unaosomwa katika mashine za kupimia hutokea kwingine, hasa katika tairi linalobanwa juu ya mapipa ya mashine hiyo.

Lakini kosa lililo kubwa zaidi, na ndilo linalowagusa wanaolipia mafuta, liko upande wa pili. Hakuna anayekwenda kazini huku amekanyaga mafuta hadi mwisho. Katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa katika barabara tambarare, gari dogo la abiria lenye uzito wa kilo 1,500 huhitaji msukumo wa takriban nyutoni 320 tu kushinda hewa na barabara, ambao ni sawa na kilowati 4 na nusu hivi. Hapo ushuru ni mdogo sana, kwa kuwa mali iliyobebwa ni ndogo. Nauli ndiyo iliyobaki, na nauli ya kilowati 2 au 3 katika safari ya kilowati 4 na nusu si asilimia 15 tena.

Mtazame sasa yule dereva wetu. Tuseme breki zake zilizoshika zilikuwa zikimvuta nyuma kwa nyutoni 200, ambazo ni sawa na uzito wa kilo 20. Katika mwendo ule wa kilomita 50 kwa saa, hizo ni karibu kilowati 2.8, kila dakika ya kila safari. Gari lililokuwa likihitaji kilowati 4 na nusu sasa lahitaji zaidi ya 7. Kwa injini yenye kilowati 60 upungufu huo haukuonekana katika karatasi yoyote, bali ulionekana katika kituo cha mafuta na katika ada za shule.

Je, upotevu huu hupimwaje? Kupima nguvu ya mashine si jambo geni. Mwaka 1821 mhandisi wa Kifaransa, Gaspard de Prony, aliubana mhimili wa mashine kwa magogo ya mti, akaufunga mkono mrefu wenye uzito mwishoni, na kwa kujua urefu, uzito na mizunguko akapata nguvu. Vyombo vya leo ni vya kisasa zaidi lakini msingi ni huo huo. Gari hupandishwa magurudumu yake juu ya mapipa mazito ya chuma, dereva hukanyaga mafuta, na mashine hupima ni kwa wepesi gani mapipa yale yanaongezewa mwendo. Kipimo hicho ni cha nguvu iliyofika, si ya iliyotoka.

Ili kukisia iliyotoka, fundi makini hafungui daftari la asilimia. Mwendo ukifika kileleni hukanyaga klachi huku gia ikiwa imo, akaacha mapipa, magurudumu, difu na giaboksi vipunguze mwendo vyenyewe. Kwa kuwa uzito wa vyote vinavyozunguka unajulikana, wepesi wa kupungua kwa mwendo humwambia ni nguvu kiasi gani inaliwa. Tuseme magurudumu yalitoa kilowati 52, na katika mwendo ule ule uchovu wa njiani ulikuwa kilowati 6. Makisio ya nguvu ya injini ni 58.

Na kama kiwanda kilitangaza 60, je, tumeibiwa? La, haifai kukimbilia hukumu. Klachi ikiwa imekanyagwa, meno ya gia hayasukumwi na injini, na kwa hiyo ule ushuru tuliousema hauonekani wote. Kilowati 2 zilizokosekana zaweza kuwa ni huo. Aidha gari la otomatiki haliwezi kuonyesha kwa njia hii mtelezo wa bakuli lake la mafuta. Tena matokeo hubadilika kwa upepo uliomo katika tairi, kwa jinsi kamba zilivyolikaza gari juu ya mashine, kwa unene wa mapipa, kwa mafuta ya gia kuwa baridi au moto, na kwa joto la hewa. Hewa yetu ya joto na unyevu hubeba oksijeni pungufu kuliko hewa ya baridi, na ndiyo maana vipimo vya kimataifa husahihishwa kwa joto maalumu. Yapasa kupima katika gia ile ambayo mzunguko hupita moja kwa moja bila ya kuongezwa wala kupunguzwa, ambayo katika magari mengi yenye propela na gia tano za mkono ni ya nne. Na mtu asidhani kwamba gia ya kwanza huongeza nguvu kwa kuwa gari hupanda mlima nayo. Gia huongeza msukumo na kupunguza mwendo kwa kiasi kile kile. Haizalishi hata wati moja.

Tunatambua kwamba mashine hizo ni ghali na si kila gereji itakuwa nayo. Lakini ile njia ya mzee wetu haina gharama, na kwa kulinganisha gari na lenyewe inatosha. Katika barabara tambarare iliyo salama na isiyo na magari mengine, siku isiyo na upepo, tairi zikiwa zimejazwa sawasawa na gari likiwa limekwisha kupata moto, dereva apandishe mwendo kupita kilomita 55 kwa saa, aweke gia huru bila ya kuzima injini, ili breki na usukani visije vikawa vizito, na msaidizi ahesabu sekunde kutoka kilomita 55 hadi 45. Wafanye hivyo kwenda na kurudi, mara kadhaa, wachukue wastani. Gari letu la kilo 1,500 lenye afya litachukua sekunde 13 hivi. Lile lenye breki zilizoshika litachukua sekunde 8. Tofauti ya sekunde 5 haihitaji shahada ya uhandisi kuitambua.

Kipimo hiki kina mipaka yake, maana ndani yake imo pia hewa inayopasuliwa na gari. Hakitatuambia nguvu ya injini. Lakini kikifanywa kila baada ya miezi michache katika barabara ile ile, na kikaandikwa, kitatuonya mapema pale kitu kinapoanza kushika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nguvu ya injini ni mali.

Sisi watu wa visiwani tuna sababu zaidi ya kufanya hivyo. Upepo wa bahari una chumvi, na chumvi huila chuma cha breki na beringi hata gari likiwa limesimama. Mchanga wa pwani huingia pale sili zilipochakaa. Gari lililopita katika maji ya masika huweza kuingiwa na maji katika difu, na mafuta ya gia yaliyochanganyika na maji hayalainishi tena. Hayo yote huongeza ile nauli polepole, kiasi kwamba dereva hulizoea gari zito na kusahau lilivyokuwa.

Baada ya kusema hayo, tungependa kutoa mapendekezo yetu kwa wahusika, na hatuyatoi kwa nia ya kumlaumu mtu yeyote.

Kwanza, idara za Serikali na mashirika ya umma zinaponunua magari, zisitosheke na mstari unaosema gari liwe na nguvu za farasi kadhaa. Zimtake muuzaji aeleze kwa maandishi nguvu hiyo ni kilowati ngapi, imepimwa kwa kanuni ipi, injini ikiwa imevishwa vifaa vyake au imevuliwa, na imepimwa katika injini au katika magurudumu. Muuzaji mkweli hatapata tabu kujibu. Bila ya majibu hayo, kamati inayolinganisha magari mawili hulinganisha pishi na ratili.

Pili, gari linunuliwe kwa kazi yake. Gari la wagonjwa linalokwenda katika vijiji vya njia mbovu lina haki ya kuendesha magurudumu manne, na hakuna atakayelionea choyo. Lakini gari la kumpeleka ofisa kutoka nyumbani hadi ofisini katika lami, likiwa na propela mbili, difu mbili na uzito wa ziada, hutoza nauli kila siku kwa kazi isiyofanywa. Na wanaofikiria magari ya umeme wafahamu kwamba hayo nayo, ingawa gia zake ni chache, yana beringi, breki na tairi, na kanuni tulizozieleza yanazifuata.

Tatu, karakana za Serikali ziwe na daftari la kila gari, ambamo sekunde za kuserereka zitaandikwa pamoja na upepo wa tairi, mafuta ya gia na joto la vitovu vya magurudumu baada ya safari. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na yaweza kufanywa na dereva na msaidizi wake. Vyuo vyetu vya ufundi viwafundishe vijana kipimo hiki kabla ya kuwafundisha kushusha injini.

Nne, mafundi wetu, ambao tunawaheshimu kwa ustadi wao wa kufufua magari yaliyokatiwa tamaa, waache kutoa hukumu ya injini kuchoka kabla ya kutazama njia ambayo nguvu inapita. Na mwenye gari asione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga.

Huenda wako watakaosema kwamba kilowati mbili tatu si kitu. Sisi tunasema haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba ndiyo pia hukitoboa. Kilowati 2.8 katika gari moja la abiria linalotembea saa nane kwa siku ni zaidi ya kilowati 22 za saa, na injini hulazimika kuchoma mafuta ya nguvu kubwa kuliko hiyo mara kadhaa, kwa kuwa sehemu kubwa ya nguvu iliyomo katika mafuta huishia katika joto la moshi na rejeta. Yazidishwe hayo kwa magari yaliyo katika hali hiyo, kisha kwa siku za mwaka.

Yule dereva tuliyeanza naye sasa gari lake linakwenda vizuri. Matengenezo yenyewe yalikuwa ni sili za breki, kusafisha pistoni, grisi na mchana mmoja wa kazi. Ile injini yake ya kwanza, iliyohukumiwa kuwa imechoka, ilikwisha kuuzwa kwa bei ya chuma chakavu, na nyumba yake haijaezekwa hadi leo tunapoandika. Hatuna uwezo wa kumrudishia fedha zake. Twaweza tu kuwaomba wengine, na hasa wale waliokabidhiwa fedha za umma, kwamba kabla ya kununua farasi wengine, wawatafute kwanza wale waliokwisha kulipiwa, wajue wamepotelea wapi.